Siku Niliposema Seli Zimekataa Kufa

Nyinyi mnaoingia maabara siku hizi na makoti meupe yaliyopigwa pasi, ketini kidogo. Mimi ni Kerubo. Nimestaafu, nakaa Nyanchwa, magoti yangu yamegombana na kilima cha huko, na kwa miaka mingi riziki yangu ilitokana na kukata nyama za watu. Msinitazame hivyo. Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja mjini Kisii, upande wa uvimbe. Daktari wa upasuaji alitoa kinyama kidogo kwa mgonjwa, akakileta kwangu kikiwa ndani ya chupa ya fomalini, dawa inayozuia nyama kuoza. Nilikikausha maji, nikakizika ndani ya nta, nikakikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, nikavitia rangi, kisha daktari mwingine akavitazama kwa hadubini na kusema huu ni ugonjwa gani.

Mashine zenu siku hizi zinafanya nusu ya hayo bila ninyi kushika kitu. Vizuri. Lakini kuna jambo moja ambalo mashine haitawafanyia, nalo ni kumwambia mzazi. Kazi ya mikono niliiweza. Kilichokaribia kuua mtoto ni mdomo wangu.

Mikono yangu nilifundishwa na Mzee Isaboke. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye harufu ya zailini, dawa yetu kali ya kusafishia nyama, hata siku ya Sabato akiwa na suti. Alinifundisha kuweka kipande cha barafu juu ya nta kabla ya kukata, halafu kuipulizia nta pumzi, pumzi moja tu ya mdomo wazi, ili kipande cha nyama kisivunjike kama vumbi. Kipande kikikunjamana juu ya maji ya moto, alisema, usikivute, kiache kijinyooshe chenyewe. Hilo nawaachia kama urithi, maana hata kitabuni sijaliona likisemwa vizuri.

Kuna mwezi nta ya maabara iliisha. Mzee Isaboke alikuwa likizo kwao Itumbe akichuma chai yake, na mimi nikajiona mjanja. Nilinunua mishumaa dukani, nikaiyeyusha kwenye sufuria, nikazika humo nyama ya mama mmoja aliyetolewa uvimbe shingoni. Nta ya mshumaa mtupu hupasuka. Inataka kuchanganywa na nta ya nyuki, na kwa kipimo. Ile nyama ikawa makombo. Mzee aliporudi hakunifokea hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi. Alinishika mkono hadi wodini, akanisimamisha mbele ya yule mama na kuniambia, "Mwambie."

"Nimwambie nini, Mzee?"

"Mwambie ulichofanya. Yeye ndiye atakatwa tena, si mimi."

Nikamwambia. Nilitamani sakafu inimeze. Yule mama aliguna, akageukia ukuta, kesho yake akakatwa tena. Tangu siku hiyo nta nachanganya vizuri. Kunyamaza ndiko nilikochelewa kujifunza.

Daktari wetu wa kusoma slaidi alitoka Kisumu kila Alhamisi ya pili. Nitamwita Daktari Adhiambo. Yeye Mjaluo, mimi Mkisii, basi tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivaa kama nguo ya kuazima. Alipenda ndizi mbivu na kufundisha, mara nyingi kwa wakati mmoja. Miaka hiyo ya tisini wakubwa wa sayansi walikuwa wameanza kuelewa jinsi seli zinavyokufa, naye alikuwa ametoka Nairobi na makaratasi yaliyotolewa kopi hadi herufi zikafifia.

"Kerubo," aliniambia siku moja, "unajua kwa nini vidole vyako havikushikana?"

"Kwa sababu Mungu alinipenda."

"Alikupenda kwa kuua seli. Tumboni mwa mama yako vidole vilikuwa vimeunganishwa na ngozi. Seli za katikati ziliambiwa zife, zikafa. Bila usaha, bila homa. Seli inajikunja, inajikatakata kwa ndani, inajifunga vifurushi vidogo, na jirani zake wanavimeza."

Akanieleza kwamba kufa huko kuna walinzi na kuna wauaji, na wote ni protini. Protini ni uzi mrefu uliojikunja, na jinsi ulivyojikunja ndivyo utakavyofanya kazi. Mlinzi mkuu anaitwa Bcl-2. Tulicheka sana kwa jina hilo, maana ukilitamka mbio linakuwa Bi Sieltuu, unadhani ni mwanamke wa Mombasa. Bi huyu hukaa amejichomeka kwa mkia kwenye ngozi ya mitokondria, kile kinu kinachoipa seli nguvu, na mwilini mwake ana mfereji mdogo. Muuaji anaitwa Bax. Ni wa ukoo huo huo wa Bi Sieltuu, kujikunja kwao kunakaribiana, lakini Bax ana kipande kifupi kilichojisokota ambacho kinaingia sawasawa kwenye ule mfereji.

Daktari alikunja ngumi, akachomeka kalamu yake katikati ya vidole.

"Kalamu ni Bax. Nikiibana hivi, inaandika?"

"Haiandiki."

"Nikiachilia?"

Kalamu ilianguka mezani. Bax akiachiliwa, alisema, anaungana na wenzake, wanatoboa ngozi ya mitokondria, vya ndani vinavuja, na uvujaji huo unaamsha protini nyingine ambazo kazi yake ni kukata. Hizo zikishaamka, seli haina kurudi nyuma. Kisha akasema lile lililonikaa kichwani. Kuna uvimbe wa aina fulani ambamo Bi Sieltuu amezidi. Ngumi ni nyingi kuliko kalamu. Seli inazeeka, inaharibika, inapaswa kufa, lakini haifi.

Jamani, niliota pembe. Kwa wiki mbili nilitembea mjini Kisii nikiwaona watu wote hawajui lolote. Nilimweleza muuza mboga. Nilimweleza mume wangu, akalala. Nilikuwa nimepata ufunguo mmoja na nikaamini unafungua kila mlango.

Hapo ndipo akaingia baba wa Moraa.

Alikuwa muuza ndizi wa Kebirigo, mrefu, mpole, mwenye kofia aliyoivua kila alipoongea na mtu wa hospitali. Sisi tulimwita Tata Moraa, maana kwa Ekegusii tata ndiye baba. Binti yake, Moraa, alikuwa na miaka sita na uvimbe wa taya uliokuja mbio. Meno ya upande huo yalikuwa yanacheza, na shavu limevimba hadi jicho likawa linatazama juu. Alilazwa, akatolewa kinyama, kikaletwa kwangu. Nilikikata vizuri. Nilitia rangi yangu ya bluu na ya waridi. Kisha, kinyume na sheria zote za kazi yetu, nikakaa kwenye hadubini ya daktari na kujisomea mwenyewe.

Niliona seli za bluu zimesongamana, hakuna hata pa kupenyeza sindano. Katikati yao niliona matobo meupe meupe yenye uchafu ndani. Nikajilaumu kwamba kisu changu kimetoboa nyama. Nikaamua matobo ni makosa ya kisu, na msongamano ndio ugonjwa. Seli zimejaa kwa sababu hazifi. Bi Sieltuu huyo!

Ilikuwa Jumanne. Tata Moraa alikuwa amekuja dirishani kwangu mara ya tatu kuuliza majibu. Nilipaswa kusema, "Subiri daktari, Alhamisi." Sentensi fupi tu. Badala yake nilitoka nje, nikasimama naye barazani, nikamweleza kwa Ekegusii, lugha ambayo haina neno la seli wala la protini. Nilisema mwili una vitu vidogo vidogo vilivyo hai. Nikasema vile vya shavu la mtoto wako vimekataa kufa.

Alinitazama. "Vimekataa kufa?"

"Vimekataa kabisa."

"Kabisa kabisa?"

"Tata, hata ukivilazimisha."

Alivua kofia ambayo tayari alikuwa ameivua, yaani aliitoa mkononi akaiweka chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nyasae asifiwe," alisema, akimtaja Mungu kwa lugha yetu, na machozi yakamtoka. Nilidhani ni mtu wa imani sana. Nilirudi ndani nimefurahi kwamba nimemfafanulia mtu wa kawaida sayansi ngumu, naye akapokea kwa utulivu. Sikuwaza hata mara moja mzazi anasikia nini ukimwambia kwamba kitu kilicho ndani ya mtoto wake kimekataa kufa.

Alhamisi Daktari Adhiambo alifika, akaketi, akaweka slaidi ya Moraa. Hakukaa nayo hata dakika.

"Mtoto yuko wapi?"

"Wodini."

"Twende."

Kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine. Sista wa zamu alisema baba alimchukua mtoto tangu Jumanne mchana, akatia sahihi mwenyewe, akaimba hadi getini. "Alisema wa maabara amemhakikishia hakuna kufa."

Daktari alinirudisha maabara, akafunga mlango, akanikalisha mbele ya ile slaidi.

"Umekosea mara mbili, Kerubo. Haya matobo meupe unayaona?"

"Ni kisu changu."

"Si kisu chako. Kisu chako hakina kosa. Hizi ni seli kubwa zinazokula maiti, na huo uchafu ndani yake ni vile vifurushi nilivyokuambia. Vitabu vinaiita picha hii anga lenye nyota. Seli za mtoto huyu hazijakataa kufa. Zinakufa kwa wingi, ila zinazaana kwa kasi zaidi. Huu si ule uvimbe wa Bi Sieltuu. Huku mlinzi hayupo kabisa."

"Sasa hiyo ni mbaya zaidi?"

"Hiyo ndiyo bahati yake! Seli ambayo bado inajua kufa, dawa ikiisukuma kidogo inaanguka. Ni mojawapo ya saratani chache ninazoweza kumtazama mzazi usoni na kumwambia tujaribu. Lakini inakua kila siku. Kila siku, Kerubo. Na wewe umempeleka nyumbani."

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Gari la hospitali lilinifikisha karibu na Kebirigo, likazama kwenye matope hadi milango. Nilivua viatu, nikaenda kwa miguu kati ya migomba, nikiteleza na kuinuka, na kila nilipoanguka niliona ni haki yangu. Nilikuwa naogopa. Nasema wazi, niliogopa kukuta shavu limefunga koo.

Nyumbani kwa Tata Moraa nilikuta majirani wanaandaa sherehe ya shukrani. Mama mkubwa mmoja ananyonyoa kuku. Nilipoingia uani walinipigia vigelegele, maana walikuwa wameshaambiwa ni nani aliyeleta habari njema. Moraa alikuwa ameketi kwenye mkeka. Shavu lilikuwa limeongezeka kwa siku mbili tu kiasi kwamba sikumtambua kwanza. Uji aliokuwa anapewa ulirudi nje kando ya mdomo.

Tata Moraa alinikaribisha kiti. Nilikataa kukaa.

"Tata, nilikosea," nilisema. "Nilikuambia zimekataa kufa. Si kweli. Na hata kama ingekuwa kweli, haingekuwa habari njema. Hivyo vitu ndivyo vinavyomla mtoto. Tunataka vife."

Tata Moraa akasimama polepole.

"Juzi vimekataa kufa. Leo vinakufa. Kesho utakuja kuniambia nini?"

"Kesho daktari atakuambia, si mimi. Mimi sikupaswa kukuambia lolote. Niliona kitu kwenye kioo, nikajifanya najua."

"Kwa hiyo mtoto wangu anakufa."

"Anaumwa sana. Lakini vile vitu vyake bado vinajua kufa, na kuna dawa ya kuvikumbusha. Tukichelewa, haitasaidia."

Alikasirika. Alikuwa na haki, na mimi nilisimama nikayapokea yote, matope yakinikaukia miguuni. Alisema watu wa hospitali wanacheza na watu wasiosoma. Alisema hatarudi. Wakati huo wote mama yake Moraa alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, si usoni, akitazama miguu yangu yenye matope. Kisha akachukua leso, akainama, akamfunga mtoto mgongoni, mtoto wa miaka sita mwenye miguu mirefu iliyoning'inia, na akaanza kutembea kuelekea barabarani.

"Unaenda wapi?" mumewe aliuliza.

"Huyu amekuja kwenye matope kusema amekosea," alisema bila kugeuka. "Anayedanganya hukaa kwake."

Tata Moraa alivaa kofia akatufuata.

Gari tulilikuta limeshakwamuliwa, na dawa ilianza siku ileile kwa dripu. Daktari Adhiambo hakurudi Kisumu. Alinieleza hatari ambayo sikuitarajia, kwamba seli hizi zikifa zote kwa pamoja, mizoga yake inaweza kuziba figo. Mtoto lazima anywe maji, akojoe, anywe tena. Mama yake alishika jagi kwa siku tatu mfululizo. Mimi nilipima mkojo, kazi ambayo si yangu, na sikukubali mtu aniondolee. Siku ya nne shavu lilikuwa limelegea. Siku ya sita jicho lilirudi mahali pake. Siku ya nane Moraa alitafuna ndizi kwa upande uleule, na mimi nikaenda chooni kulia.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa hivyo kwa kila mtoto. Mwaka huohuo walikuja wengine waliochelewa zaidi, na dawa ileile ikashindwa. Moraa aliendelea kurudi kwa dawa hadi daktari akamwambia basi, na uvimbe haukurudi. Lakini siku ninayotaka muibebe ni ile ya tisa.

Asubuhi hiyo daktari alimkagua, akamwambia Tata Moraa kwa Kiswahili, "Uvimbe wote umekufa. Tutaendelea na dawa usiamke tena." Baba akaomba simu ya ofisini apeleke habari kwao. Kebirigo kulikuwa na duka moja lenye simu, la Bwana Jayant, mzee wa Kihindi aliyewauzia watu wa pale sukari na mafuta ya taa tangu ujana wake. Mvua ilikuwa inanyesha, laini inakwaruza. Tata Moraa alipaza sauti, akatumia Kiswahili chetu cha huku milimani, ambacho hakijali sana ngeli.

"Bwana Jayant! Ambia mama yangu! Ile kitu ya Moraa imekufa! Imekufa yote!"

Akakata simu, akicheka. Upande wa pili, Bwana Jayant alisikia kidogo tu, Moraa imekufa. Kwa Kiswahili cha dukani kwake, mtu imekuja, mtu imeenda, mtu imekufa. Hakuna aliyekosea, ukiniuliza. Sote tulikuwa tunaazima lugha hiyohiyo.

Mchana wodi ilisikia kilio kutoka getini. Nyanya yake Moraa aliingia mbele, mikono kichwani, nyuma yake wanawake watatu wa kanisani. Wa mwisho alikuwa Bwana Jayant. Alikuwa amefunga duka mchana, amewapakia kwenye pikapu yake, na mkononi alibeba shuka jeupe jipya, bado lina mikunjo ya dukani, la kumzungushia mtoto kama sanda.

Moraa alikuwa ameketi kitandani, ganda la ndizi mapajani. Aliwatazama wote.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Kilio kilikatika. Nyanya yake alikaa chini palepale sakafuni, akashika mguu wa kitanda, asijue acheke au aendelee. Hata mimi, hodari wa maelezo, niliyekuwa nimesimama na chupa ya mkojo mkononi, safari hii nilinyamaza.

Bwana Jayant alitazama shuka, akamtazama mtoto. Alisogea taratibu, akalikunjua, akamfunika miguu.

"Hakuna mtu imekufa, mama," alisema. "Mimi naletea wewe shuka ya kulala tu."